Mwenendo wa mfumo, au kwa nini sanduku la kamati ya maji hukauka

Kamati ya maji ikiishiwa na pesa, wa kwanza kutazamwa kwa jicho la pembeni ni mweka hazina. Vijijini Kitui na Makueni mambo haya si mageni: uchaguzi unaitishwa, daftari linakabidhiwa mtu mwingine, na baada ya misimu michache sanduku ni tupu tena. Wezi wapo, hilo halina ubishi. Lakini pesa zikikauka mikononi mwa kila anayekabidhiwa, mwaminifu kwa mlafi, inafaa kuuliza kama kasoro haiko katika jinsi shughuli yenyewe ilivyofumwa. Taaluma inayouliza swali hilo kwa hesabu ndiyo ninayoiita mwenendo wa mfumo.

Mwasisi wake ni Jay Forrester, mhandisi Mmarekani aliyezaliwa 1918 na kukulia kwenye ranchi ya ng'ombe huko Nebraska. Alipohamia kitivo cha biashara cha MIT mwaka 1956, wakubwa wa General Electric walimletea fumbo: kiwanda chao kimoja cha Kentucky kiliajiri kwa pupa, kisha kikapunguza watu, kisha kikaajiri tena. Lawama zilielekezwa sokoni. Forrester alikokotoa kwa kalamu na daftari, wiki baada ya wiki, akaona kwamba hata wateja wasipobadili oda zao, kanuni za kiwanda za kuajiri na kuagiza zilitosha kukiyumbisha. Kitabu chake kuhusu viwanda kikatoka 1961.

Wapo wanaoandika "dinamiki ya mifumo". Si kosa, ila msomaji anabaki alipokuwa. "Mwenendo" unabeba wakati ndani yake, na wakati ndio unaochunguzwa hapa. Ugumu uko kwenye msamiati wa ndani. Kitu kinachojaa na kupungua huitwa na wengi "akiba", lakini akiba ni jambo jema, ilhali madeni, pampu mbovu na kinyongo navyo hujaa. Napendelea "limbiko". Kinachoingia na kutoka ni "mtiririko". Na pale matokeo yanapogeuka kuwa sababu, nasema "mzunguko", kwa kuwa "mrejesho" umeshazoeleka kuwa ripoti unayowapelekea waliokutuma.

Tuyajaribu maneno haya kwa pampu ya mkono, kwa tarakimu za mfano tu. Kiangazi watu wanateka mitungi 200 kwa siku, kila mmoja shilingi 2: zinaingia 400. Mlinzi analipwa shilingi 200 kwa siku. Siku 90 za kiangazi zinaacha limbiko la shilingi 18,000. Mvua inanyesha, watu wanakinga maji ya paa na kuchota mtoni. Mitungi inashuka hadi 20, zinaingia 40, na kila siku sanduku linapungukiwa na 160. Baada ya siku 60 zimebaki 8,400. Kiangazi kinarudi, foleni inarefuka, mpini haupumziki, mipira ya ndani inalika. Pampu inakufa mwezi uleule inapohitajika zaidi, na fundi anataka 15,000. Hakuna aliyeiba hata senti.

Hapo mzunguko unaanza, na ni mbaya. Pampu iliyolala haiingizi kitu. Watu wanarudi kufukua mchanga wa mto. Kadiri wanavyokaa huko ndivyo wanavyozidi kusitasita kuchangia pampu wasiyoitumia, na kila siku ya kusitasita inaongeza siku za kungoja fundi. Mzunguko wa namna hii naita wa kujichochea. Kinyume chake, unaojizuia badala ya kujikuza, ni wa kujisawazisha.

Ukishauchora hivi, unaona pa kushika. Huko Kyuso, kaskazini mwa Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga ndani ya mipini ya pampu vifaa vidogo vinavyohesabu mtikisiko na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mafundi walijua pampu imenyamaza bila kungoja mtu apige simu, na muda wa kungoja matengenezo ukashuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya 3. Kazi hiyo ikazaa FundiFix, kampuni inayohudumia pampu nyingi kwa ada ya kila mwezi, hivyo pesa za pampu nzima zinasaidia kutengeneza iliyoharibika. Kuchelewa kumekatwa, na limbiko la imani halivuji. Lakini tusitie chumvi: ada za watumiaji peke yake hazikutosheleza gharama, ikabidi pawe na mfuko wa amana wa kujazia.

Udhaifu wa taaluma hii ni mpaka. Mchoraji ndiye anayeamua kipi kiingie na kipi kiachwe nje, na imani ya wanakijiji haina mita. Kwa kamati iliyo kando ya mto Thwake, Makueni, modeli isiyo na malori ya mchanga haina maana, kwa sababu mchanga ndio unaohifadhi maji mto ukikauka juu. Ukizolewa kwenda kujenga mijini, visima vya ukingoni vinashuka hata daftari likiwa safi. Kaunti ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015. Kwa kisima kirefu kilichochimbwa mwambani mbali na mto, malori yanaweza kuachwa nje ya mchoro, na bei ya umeme au dizeli ikachukua nafasi yake.