Wafugaji wa Nyika ya Kapiti: Maisha bila Farasi wala Mfalme

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi, afikapo Kyumbi penye njia panda ya kuendea mji wa Machakos, huwa amesimama mpakani mwa nchi mbili. Upande mmoja kuna vilima vya Mua na Iveti, makao ya kale ya Wakamba wakulima. Upande wa pili kuna uwanda wa nyasi uitwao Kapiti, jina litokanalo na Wamasai wa Kaputiei. Mwenye kuijua historia ya Wamongolia wa karne ya 13 angetazamia kukuta katika uwanda kama huu habari za dola ya wapanda farasi. Malisho yalikuwapo, mifugo ilikuwapo, na vita havikukosekana. Hata hivyo hapakuwa na farasi, wala hapakuwa na mfalme.

Lugha zenyewe zashuhudia jambo hilo. Kiswahili kilipata neno farasi kutoka Kiarabu, na pamoja nalo hatamu na lijamu. Kutoka pwani neno likapanda bara: Wagikuyu husema mbarathi, na Waganda husema embalaasi. Lau mnyama huyu angalikuwa mwenyeji wa nyanda za bara, lugha hizi zisingalihitaji kumkopea jina pwani. Punda, kwa upande wake, ana jina lake mwenyewe katika Kikamba, ing'oi, na katika Kimasai, osikiria. Naye ndiye aliyebeba vyombo vya nyumbani Wamasai walipohama. La kustaajabisha ni kwamba farasi alijulikana zaidi katika ushairi kuliko malishoni. Msomaji wa Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, hukutana na vita vya wapanda farasi, ilhali watu wengi waliousikiliza utendi huo hawakupata kupanda farasi maishani mwao.

Sababu kubwa ilikuwa maradhi. Njia ya kutoka pwani ilipita katika pori lenye mbung'o, na mbung'o huua farasi upesi. Kapiti, kwa kuwa ni nyanda za juu, ilikuwa na nafuu ya mdudu huyo, ndiyo maana ng'ombe walistawi. Bali yapo maradhi mengine ya farasi yaenezwayo na visubi, ambayo punda milia huyachukua mwilini bila kuugua. Uwanda uliojaa punda milia ulikuwa, kwa farasi mgeni, uwanda wa mauti. Tena punda milia hafugiki kwa urahisi, ingawa daktari mmoja Mgoa wa Nairobi, Rosendo Ribeiro, alisifika mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kumpanda mmoja alipokwenda kuwazuru wagonjwa.

Kwa hiyo mfugaji wa Kapiti alikwenda kwa miguu, na maisha yake yalipimwa kwa mwendo wa ng'ombe. Wakamba wa vilimani walikuwa na desturi ya kyengo, yaani boma la mifugo lililowekwa mbali na nyumbani katika malisho ya wote yaliyoitwa weu. Nyumbani walibaki ng'ombe wachache wa maziwa, mbuzi na ndama, nao watoto waliwachunga karibu na mashamba ya mtama. Kundi kubwa lilipelekwa kyengo na vijana, ambao walijenga ua wa miiba, wakala maziwa na damu, wakalala wakisikiliza simba. Hapakuwa na mpaka uliochorwa. Haki ya kulisha ilitokana na kuwapo na kuweza kujilinda. Mwenye busara hakuweka ng'ombe wake wote mahali pamoja. Wengine aliwakabidhi rafiki wa mbali, ili ukame au uvamizi usimwache mtupu katika siku moja. Ingekuwa kosa kuiita desturi hii uzururaji, kama walivyofanya baadhi ya maofisa wa kikoloni. Ilikuwa hesabu ya makini ya mvua, majani na hatari.

Uvamizi nao ulikuwa na kanuni zake. Mmasai alitegemea mkuki na ngao, Mkamba alitegemea upinde na mshale wenye sumu. Kikosi cha Wakamba kiliongozwa na muthiani, na madaraka yake yalikuwa ya vita tu. Mambo ya amani yaliamuliwa na wazee, atumia, katika baraza lililoitwa nzama, na mazungumzo ya kila jioni yalifanyika thome, mahali pa moto nje ya lango. Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alipokewa na Kivui wa Kitui, mfanyabiashara mashuhuri. Nguvu za Kivui zilitokana na mali, ulimi na sifa, si kiti cha enzi. Wala isidhaniwe kwamba kukosa farasi ndiko kulikozuia ufalme. Waborana wa kaskazini walikuwa na farasi wengi, na bado uongozi wao wa gadaa ulibadilishwa kila baada ya miaka 8.

Wapanda farasi hatimaye walifika Kapiti, nao walikuwa wageni. Baada ya ng'ombe kuteketezwa na sotoka katika miaka ya 1890, na baada ya njaa ya Ngomanisye ya 1898 na 1899, uwanda ulionekana mtupu machoni pa Waingereza. Sheria za ardhi za 1902 na 1915 ziliugeuza kuwa mali ya Taji, ukagawiwa walowezi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alishuka katika stesheni ya Kapiti, akawinda kwa farasi kutoka shamba la Sir Alfred Pease. Malisho yaliyokuwa weu sasa yalikuwa na mwenyewe, na Wakamba wakabanwa vilimani pamoja na mifugo yao.

Udongo wa vilima ulipomomonyoka, serikali iliwalaumu ng'ombe badala ya mpaka. Mwaka 1938 ng'ombe wa Machakos walianza kukamatwa na kuuzwa kwa lazima, kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa kimejengwa Athi River. Mwezi Julai, watu zaidi ya 1,000, wanaume kwa wanawake, walishuka kutoka vilimani wakatembea hadi Nairobi, wakapiga kambi kwa majuma kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Hawakuwa na mfalme wa kuwatuma. Waliunganishwa na chama chao, Ukamba Members Association, na kiongozi wao Muindi Mbingu. Yeye alikamatwa na kupelekwa kifungoni Lamu, jirani na Pate ya tenzi za farasi. Kabla ya mwaka kwisha uuzaji wa lazima ulisimamishwa, na ng'ombe waliokuwa bado mikononi mwa serikali walirudishwa kwa wenyewe. Uwanda wa Kapiti haukurudishwa.