Mikaratusi ya Bondeni

Mwenye kiwanja bondeni katika nchi ya chai ya Kenya, kuanzia Kericho hadi Bomet, hulalamikia moja kati ya mawili: ama maji yanamzidi, kuta zinaota ukungu na choo cha shimo kinajaa kila masika, ama chemchemi aliyoachiwa na wazee imekauka. Watu huzungumzia shida hizi kana kwamba hazijuani. Historia ya vilima hivi inasema vingine: mara nyingi dawa ya shida ya kwanza ndiyo iliyozaa ya pili.

Chai inapenda mvua, na Kericho hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini haivumilii maji yanayotuama. Mizizi yake huoza. Kwa hiyo, kampuni kubwa zilipoingia katikati ya miaka ya 1920, baada ya mradi wa kitani wa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani kufilisika, chai ilipewa miteremko yenye udongo mwekundu usiotuamisha maji. Vinamasi vya bondeni vilibaki bila kazi, na viwanda vilihitaji kuni za kukaushia majani. Mkaratusi ulijibu haja zote mbili: unakua haraka, unachipua tena ukikatwa, na unafyonza maji mpaka kinamasi kinakanyagika. Nchini Uganda pia ulipandwa kukausha vinamasi ili kupunguza mbu. Chai ya wakulima wadogo ilipoenea, hasa baada ya KTDA, mamlaka ya kustawisha chai yao, kuundwa mwaka 1964, nao walipanda mikaratusi kando ya vijito, kwa kuni na kwa nguzo za kuuza.

Wapo wasemao mwizi wa maji ni chai yenyewe, kwa kuwa ilichukua nafasi ya msitu. Dai hilo lilipimwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti walilinganisha mabonde mawili karibu na Kericho: Lagan, lililoachiwa msitu wake, na Sambret, ambalo karibu nusu yake ilifyekwa ikapandwa chai. Mafuriko yaliongezeka wakati wa kufyeka. Lakini chai ilipokomaa, matumizi yake ya maji hayakuzidi ya msitu. Ni kweli kwamba Sambret lilikuwa shamba la kampuni, lenye makinga maji yaliyochimbwa kwa uangalifu, na mteremko wa mahindi usio na kinga hauwezi kujivunia matokeo yale. Ni kweli pia kwamba kufyekwa kwa msitu wa Mau kumeumiza mito. Hata hivyo, Mau haielezi kwa nini chemchemi ya bonde lenye mikaratusi inakauka huku ya bonde jirani, lisilo nayo, ikiendelea kutoka.

Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ikatwe. Wakulima walinung'unika, na walikuwa na haki: mti ule ni akiba ya karo ya shule. Lakini hasara ya maji yanayokauka haimwangukii aliyeupanda peke yake. Inamfuata jirani wa chini yake. Sheria ya Maji ya 2016 inaiweka rasilimali yote ya maji mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya wananchi, hata ikiwa chini ya shamba lenye hati. Anayesumbuliwa na unyevu achimbe mtaro, ainue msingi wa nyumba, na mikaratusi aipande mlimani.