Waliovuka Maji Kwenda Kutazama Mpira

Usiku wa kuamkia Jumatano ya tarehe 30 Julai 1930, bandari ya Buenos Aires ilifurika watu. Argentina ilikuwa imeingia fainali ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa, na mpinzani wake alikuwa Uruguay, mwenyeji, ng'ambo ya pili ya La Plata. Huo ni mto kwa jina tu. Mahali pale upana wake ni wa bahari, na safari ya kutoka Buenos Aires hadi Montevideo ni kiasi cha kilomita 200. Meli zilizopangwa kubeba mashabiki hazikutosha. Maelfu walisukumana gatini, na waliopata nafasi waliondoka wakipiga kelele kwamba ni ushindi au kifo.

Ukungu ukawashukia majini. Meli zikapunguza mwendo, nyingine zikasimama kabisa, na wapo abiria waliokanyaga ardhi ya Uruguay mpira ukiwa umekwisha. Waliowahi walipokewa na maofisa wa forodha, wakapekuliwa mifukoni na viunoni, kwa sababu wenyeji walihofia bastola. Walipofika uwanjani wakapekuliwa tena.

Hofu ile haikuwa ya bure. Uruguay na Argentina zilikuwa zimekutana katika fainali ya Olimpiki ya 1928 kule Amsterdam, Uruguay ikashinda, na kidonda kilikuwa bado kibichi. Mwamuzi wa fainali, John Langenus wa Ubelgiji, hakukubali kuchezesha mpaka ahakikishiwe usalama wake na meli ya kumwondoa mara baada ya mechi. Timu hazikuelewana hata juu ya mpira wa kuchezea, ikaamuliwa kipindi cha kwanza utumike wa Argentina na cha pili wa Uruguay. Hadi mapumziko Argentina ilikuwa mbele kwa mabao 2-1. Kipindi cha pili Uruguay ikafunga matatu. La mwisho lilifungwa na Héctor Castro, ambaye alipoteza sehemu ya mkono wa kulia alipokuwa kijana. Ikawa 4-2. Kesho yake Uruguay ilikuwa sikukuu ya taifa, na Buenos Aires watu waliurushia mawe ubalozi mdogo wa Uruguay.

Mabao ya fainali ile yamesimuliwa sana. Abiria wa zile meli wanastahili kusimuliwa zaidi kuliko walivyosimuliwa, kwa sababu wao ni miongoni mwa waliofungua historia ya mtu kuondoka kwao, kuvuka mpaka na kuingia nchi ya watu kwa sababu moja tu, kutazama. Karibu kila kilichokuja kumpata shabiki msafiri kilikuwako siku ile: uhaba wa vyombo, hali ya hewa, imani kali mithili ya dini, wenyeji wenye hofu, mikono ya askari mwilini. Kilichokosekana ni kimoja. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua wao ni nani kabla hawajapanda meli. Walipekuliwa kwa walichobeba, wakaachiwa waende.

Mashabiki wa mbali zaidi hawakuwako. Ulaya ilileta timu nne tu, maana safari ya baharini ilichukua kama wiki mbili kwenda pekee. Ufaransa, Ubelgiji na Romania zilisafiri pamoja katika meli ya Conte Verde, na ndani yake alikuwamo Jules Rimet, rais wa FIFA, amelibeba kombe. Fundi cherehani wa Paris au mchimba makaa wa Ubelgiji angepata wapi miezi miwili na nauli ya kwenda kutazama mpira Amerika Kusini? Kwa muda mrefu shabiki mgeni alikuwa jirani, mtu wa ng'ambo ya mto au wa upande wa pili wa mlima. Mwaka 1934, michuano ilipokwenda Italia, serikali ya Mussolini ilipunguza nauli za treni ili wageni waje kwa wingi, kwani ilitaka dunia ione. Mwaka ule Misri ikawa timu ya kwanza ya Afrika katika Kombe la Dunia, ikafungwa 4-2 na Hungary mjini Naples.

Baada ya vita kuu ya pili ndege zilifanya kazi yake, na hapo historia hii inakwenda haraka. Safari ya majuma ikawa ya saa. Kufika miaka ya sabini, vijana wa Uingereza waliweza kufuata klabu yao Ulaya nzima kwa treni, feri na ndege za kukodi, na baadhi yao walibeba ulevi na ngumi.

Tarehe 29 Mei 1985, Liverpool na Juventus zilikutana Brussels, katika uwanja wa Heysel, kwa fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Uwanja ulikuwa mkongwe, kuta zake zikimomonyoka. Jukwaa lililoitwa Z lilitengwa kwa Wabelgiji wasio na upande, lakini tiketi zake nyingi ziliishia mikononi mwa Waitalia, wengine wakaazi wa Ubelgiji waliokwenda kuona timu ya kwao. Kati yao na mashabiki wa Liverpool palikuwa na uzio wa waya tu na askari wachache. Kundi la Liverpool lilipovunja uzio na kuwashambulia, watu wa jukwaa Z walikimbilia upande wa pili, wakabanwa ukutani, ukuta ukaanguka. Walikufa watu 39, na 32 kati yao walikuwa Waitalia. Mechi ilichezwa usiku uleule, Juventus ikashinda kwa penalti ya Michel Platini.

Klabu za Uingereza zilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, Liverpool sita. Mahakama za Ubelgiji ziliwatia hatiani mashabiki 14, na pia ofisa wa polisi na kiongozi wa chama cha soka. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, kwa sababu ilimgusa aliyerusha ngumi na aliyeuza tiketi ovyo katika uwanja mbovu. Bahati mbaya kilichokumbukwa zaidi ni ile nusu ya kwanza. Agosti 1985 nchi za Baraza la Ulaya zilifungua mkataba wa kuzuia vurugu za watazamaji, na kuanzia hapo shabiki anayevuka mpaka akawa mtu wa kujulikana mapema: jina lake, klabu yake, makosa yake ya nyuma. Katika Kombe la Dunia la Ujerumani mwaka 2006, tiketi ziliandikwa jina la mwenyewe na kutiwa chipu ndani. Ujerumani ileile iliweka televisheni kubwa mitaani, na malaki ya watu wasio na tiketi walisherehekea Berlin kana kwamba wako uwanjani. Mlango ulibana hapa, ukafunguka pale.

Mwaka 2010 zamu ikafika Afrika. Hapa nakiri nina uchungu, maana Kombe la kwanza barani lilikuwa gumu kufikiwa na Waafrika wenyewe. Tiketi ziliuzwa zaidi kwa intaneti na kwa kadi za benki, vitu ambavyo shabiki wa kawaida kusini mwa Sahara hakuwa navyo. Wakazi wa Afrika Kusini walitengewa tiketi za bei nafuu, za randi 140, lakini hata wao walisubiri hadi Aprili, miezi miwili kabla ya mechi ya kwanza, ndipo madirisha ya kuuzia kwa fedha taslimu yakafunguliwa. Foleni zilizotokea zilionyesha kwamba hamu ilikuwako siku zote.

Tarehe 2 Julai, Johannesburg, zaidi ya watu 84,000 walishuhudia Ghana ikicheza robo fainali na Uruguay, warithi wa wale mabingwa wa 1930. Luis Suárez aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia golini dakika za mwisho za nyongeza, Asamoah Gyan akagonga mwamba kwa penalti, na Ghana ikatolewa kwa matuta. Karibu uwanja mzima ulikuwa wa Ghana, ingawa Waghana waliokuwamo walikuwa wachache.

Kitu kilichombadilishia mambo shabiki wa Afrika kuliko uwanja wowote mpya kilikuja mwaka 2018, nacho kilikuwa kadi ya kuvaa shingoni. Urusi iliamua kwamba mgeni mwenye tiketi ya Kombe la Dunia apewe bila malipo kitambulisho cha shabiki chenye picha yake, na kadi hiyo ikawa ndiyo viza. Kwa Mjerumani hili lilikuwa jambo dogo. Kwa mtu wa Nairobi, Lagos au Dar es Salaam, aliyezoea kuombwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, ushahidi kwamba atarudi, na bado akanyimwa bila maelezo, lilikuwa jambo kubwa. Tiketi ilimtosha kuheshimiwa kama mtazamaji. Bila shaka serikali ya Urusi ilipata taarifa za kila aliyeingia, na wapo walioitumia kadi kujaribu kupenya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya wakakamatwa mipakani. Hata hivyo mlango ulifunguliwa kwa wote kwa kipimo kimoja.

Qatar ilifuata mtindo huo mwaka 2022 kwa kadi ya Hayya, iliyoruhusu kuingia nchini na kupanda treni na mabasi bure. Doha ilikuwa ndogo kwa wageni wote, hivyo siku za mechi ndege zilipishana kutoka Dubai, Jeddah, Kuwait na Muscat, mji ambao Kiswahili kinasikika barazani na sokoni. Mtu angeweza kulala Oman, akaenda Doha kutazama mpira, akarudi kulala.

Lakini Mwafrika Mashariki aliyejulikana kuliko wote katika Kombe lile hakuwa mtazamaji. Abubakr Abbas, kijana wa Kenya, alikaa juu ya kiti kirefu karibu na Souq Waqif, kipaza sauti mkononi, akiuelekeza umati njia ya kwenda stesheni ya metro kwa kibwagizo ambacho wageni walikuja kuimba naye. Alipendwa sana, hata akaalikwa uwanjani kusalimia watu kabla ya mechi ya Uingereza na Marekani. Nilifurahi kumwona, na furaha hiyo ilikuwa na doa. Wakenya na Waganda wengi walifika Qatar kwa mikataba ya kazi, chini ya sheria za kafala, za kumfunga mfanyakazi kwa mwajiri wake, zilizokuwa zimeanza kulegezwa, wakilinda milango ambayo wengine walipita kwenda kukaa vitini.

Kwa Kombe la 2026, lililopewa Marekani, Kanada na Mexico, kipimo kimoja kimeachwa. Amri ya Marekani ya Juni 2025 ya kuzuia raia wa nchi kadhaa kuingia iliwaondolea kizuizi wachezaji, makocha na jamaa zao wa karibu. Mashabiki hawakutajwa. Iran na Haiti, ambazo zote zilifuzu, zimo katika orodha hiyo. Desemba 2025 orodha iliongezwa, zikaingia Senegal na Ivory Coast, nazo zimefuzu, na Tanzania pia ikawekewa vikwazo. Mwezi mmoja kabla, ulitangazwa utaratibu wa kuwapa wenye tiketi nafasi ya mapema ya usaili wa viza, lakini usaili si viza. Timu itaruka na bendera, na watu wake wataitazama kwenye televisheni.

Sisi nasi hatuko mbali na mtihani huu. Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Mashindano ya CHAN ya Agosti 2025, ya wachezaji wa ligi za ndani, yaliyochezwa katika nchi hizohizo, yalikuwa jaribio: katika uwanja wa Kasarani, Nairobi, mashabiki wasio na tiketi walivamia milango, mpaka CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikapunguza idadi ya watazamaji na kutaka tiketi za kielektroniki pekee. Ulizungumzwa sana usalama wa milango ya viwanja, na hiyo ni haki yake. Milango ya mipaka haijazungumzwa vya kutosha. Viza ya pamoja ya watalii iliyoanza 2014 inaunganisha Kenya, Uganda na Rwanda, na Tanzania haimo. Shabiki anayehitaji viza, mwenye timu inayocheza Nairobi Jumamosi na Dar es Salaam Jumatano, atafika mpakani Namanga na tiketi mbili halali mkononi. Maofisa wa pande zote mbili wanapaswa kujua watamwambia nini kabla tiketi hizo hazijauzwa.