Santuri ya Domesday na Diski ya Columbia: Funzo kwa Watunza Kumbukumbu za Lugha

Katika kabati la idara yetu kuna katoni lenye kaseti na disketi zilizokusanywa na wanafunzi wa miaka ya nyuma walipokwenda kuwahoji wazee. Baadhi ya wazee hao walijifunza Kiswahili jeshini, enzi za King's African Rifles, na wengine katika kazi za reli. Wengi wao wamekwisha kufariki. Muhula uliopita tulilifungua katoni hilo tukitafuta mifano ya kufundishia historia ya Kiswahili hapa Uganda. Kaseti kadhaa zilisikika. Disketi, ambazo ndizo zilizobeba mahojiano yaliyokwisha kuandikwa, zilitushinda, kwani hapakuwa na kompyuta hata moja katika jengo letu yenye tundu la disketi.

Tulipokuwa tukitafuta njia, tulisoma historia ya uokoaji wa data na kukutana na visa viwili ambavyo tumeona vinafaa kusimuliwa kwa walimu na wanafunzi wa lugha. Kimoja kinahusu diski iliyoungua ikasomeka. Cha pili kinahusu santuri iliyokuwa nzima kabisa, ikakaribia kupotea.

Tuanze na diski iliyoungua. Chombo cha anga cha Marekani kilichoitwa Columbia kilivunjika vipande juu ya jimbo la Texas tarehe 1 Februari 2003 kilipokuwa kikirejea duniani. Wanaanga wote 7 walifariki. Miongoni mwa shehena yake kulikuwa na jaribio la kisayansi kuhusu gesi ya zenoni, ambalo matokeo yake yaliandikwa katika diski kuu ya megabaiti zipatazo 400. Sehemu ya matokeo hayo ilikuwa imekwisha kutumwa duniani wakati safari ikiendelea. Iliyobaki ilikuwa ndani ya diski tu. Miezi kadhaa baada ya ajali, diski hiyo iliokotwa katika ziwa lililokauka.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema tukumbuke jinsi diski kuu inavyofanya kazi. Ndani yake mna visahani vilivyopakwa utando wa sumaku, ambavyo huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea juu yake bila kuvigusa. Nafasi iliyopo kati ya kichwa na kisahani ni ndogo mno, hata chembe ya vumbi inaweza kusababisha mkwaruzo unaofuta data. Diski ya Columbia ilikuwa imeyeyuka plastiki, saketi zake zimeungua, na kizibo chake kimeharibika hata vumbi likaingia. Mafundi wa kampuni ya Ontrack huko Minnesota walivitoa visahani, wakavisafisha kwa kemikali na kuvipachika katika diski mpya. Takriban asilimia 99 ya data zikasomeka, na matokeo ya jaribio yakachapishwa mwaka 2008.

Bahati ilikuwepo pia. Visahani havikupinda, na sehemu iliyoharibika haikuwa na data. Diski nyingine 2 zilizookotwa katika mabaki ya chombo hicho hazikuokoleka. Hata hivyo, jambo moja halikuwa bahati: mafundi walikuwa na mashine inayofanana na ile iliyoungua, na walijua vyema jinsi data zilivyopangwa ndani yake.

Sasa tugeukie santuri. Mwaka 1086 Mfalme William wa Kwanza wa Uingereza alifanya sensa ya mashamba, mifugo na watu wa ufalme wake. Kumbukumbu zake ziliandikwa kwa Kilatini kwenye ngozi za kondoo, na zikaja kujulikana kwa jina la Domesday Book. Miaka 900 baadaye, yaani mwaka 1986, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, likishirikiana na kampuni za Acorn, Philips na Logica, lilitoa Domesday ya kisasa. Nchi iligawanywa katika vipande vya kilometa 4 kwa 3, na walimu na wanafunzi wa shule wakaombwa kuandika habari za kipande chao: wanakula nini, wanacheza nini, mtaa wao unafananaje. Inakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walishiriki. Mradi uligharimu pauni milioni 2.5.

Kazi yote hiyo iliwekwa katika santuri 2 za leza, kila moja ikiwa na upana wa sentimeta 30. Kuisoma kulihitaji kompyuta maalumu ya Acorn na mashine ya Philips iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Bei ilikuwa maelfu ya pauni, kiasi ambacho shule nyingi hazikumudu, zikiwemo shule ambazo wanafunzi wake ndio walioandika habari hizo. Aina hiyo ya santuri haikuenea. Kampuni zikaacha kutengeneza mashine, na zile chache zilizokuwepo zikaanza kufa moja baada ya nyingine. Ilipofika mwaka 2002, santuri ya miaka 16 ilikuwa vigumu kusomeka, ilhali kitabu cha miaka zaidi ya 900 kilikuwa kikisomwa bila taabu na yeyote aliyejifunza Kilatini.

Uokoaji wake ulikwenda kwa njia kadhaa. Chuo Kikuu cha Leeds na Chuo Kikuu cha Michigan, katika mradi ulioitwa CAMiLEON, vilinakili data kutoka katika santuri na kuandika programu inayoifanya kompyuta mpya iige ile ya zamani. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka 2002. Kundi jingine lilitengeneza toleo la kompyuta za kawaida kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza. Mwaka 2011 BBC iliiweka santuri ya jamii kwenye intaneti ili kila mtu aione, lakini huduma hiyo nayo ilifungwa mwaka 2018, na nakala yake ikabaki katika Hifadhi ya Taifa. Kwa hiyo hata baada ya kuokolewa, data hizo zimehitaji kuokolewa tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Visa hivi viwili vinatufundisha kuongeza kwamba daftari nalo bila msomaji hupotea. Sisi wa Kiswahili tunalifahamu hili kwa njia nyingine. Maktaba za Dar es Salaam na London zinahifadhi hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi zipo na wino unaonekana, lakini tujiulize ni wahitimu wetu wangapi wanaoweza kuzisoma. Mwalimu anayefundisha hati hizo anafanya kazi ileile waliyoifanya mafundi wa Leeds.

Turudi kwenye katoni letu. Fundi mmoja mjini alitupatia kisomeo cha disketi cha zamani. Disketi 8 kati ya 11 zilisomeka. Zilizobaki zimeota ukungu. Tulifurahi, kisha furaha ikapungua, kwani katika mahojiano mengi hapakuandikwa jina la mzee, mahali wala mwaka. Tunayo maneno yake, lakini hatujui ni nani aliyeyasema. Hilo hakuna fundi awezaye kulirejesha.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo machache. Kila rekodi inakiliwe mara tatu, na nakala moja ikae nje ya jengo. Maandishi yahifadhiwe katika muundo sahili unaofunguka kwa programu yoyote. Nakala zifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka. Diski ikianza kugonga au kukwaruza, izimwe mara moja, kwani kuendelea kuiwasha ni kuiharibu zaidi. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, usiandike kitu kingine humo kabla ya kulitafuta; mara nyingi kinachofutwa kwanza ni anwani yake tu. Zaidi ya yote, jina la msemaji, mahali na tarehe viandikwe siku ileile ya mahojiano.

Tunawaomba walimu na wanafunzi wa zamani walioshiriki mahojiano hayo, au walio na kaseti na disketi majumbani, wawasiliane na idara. Huenda kuna atakayeisikia sauti katika kaseti zetu akamtambua mzee wake.