Kanisa la Hospitali ya Bangour

Kanisa hili la mawe lilijengwa kati ya 1924 na 1930, katikati ya Hospitali ya Bangour, magharibi mwa Edinburgh, Uskoti, kuwakumbuka waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Msanifu wake ni Harold Ogle Tarbolton.

Bangour ilikuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, iliyofunguliwa rasmi mwaka 1906. Haikufanana na gereza. Wagonjwa waliishi katika nyumba zilizotawanyika kama kijiji, wakalima na kufanya kazi za mikono. Mpango huo uliigwa kutoka Alt-Scherbitz, Ujerumani, nchi ambayo baada ya miaka michache tu ingekuwa adui. Mwaka 1915 jeshi liliichukua hospitali, wagonjwa wakahamishiwa kwingine, na majeruhi wakaletwa kwa treni hadi ndani ya eneo la hospitali. Ilirudishiwa kazi yake mwaka 1922. Kijiji hicho kilikosa kanisa la kukifaa, na kumbukumbu ya vita ikajaza pengo hilo. Uamuzi wa busara: ukumbusho wenye paa, unaotumiwa na walio hai.

Vita hivyohivyo viliwachukua vijana wa Bungoma na magharibi yote ya Kenya kuwa wapagazi wa jeshi. Maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Sanamu ya Askari ya Nairobi, ya mwaka 1928, inawakumbuka kwa pamoja, bila majina.

Hospitali ya Bangour ilifungwa mwaka 2004. Kanisa lake limo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa Uskoti.