Kioo Ndani ya Gari na Macho ya Dereva

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Ukitafuta methali ya kubandika juu ya dashibodi ya gari la leo, sidhani kama utapata inayofaa kuliko hiyo. Dereva ana mikono miwili, miguu miwili na macho mawili. Mikono ina usukani na gia, miguu ina breki na mafuta, na macho yana barabara. Sasa, ndugu msomaji, nataka tutazame historia ya watu waliojaribu kuyapa macho hayo kazi ya pili, yaani waliofunga kompyuta na kioo cha kugusa ndani ya gari. Wengi wetu tunadhani mambo haya ni ya juzi tu, kwamba yamekuja na simu hizi za mkononi. La hasha! Habari yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu tunaosoma gazeti hili.

Kioo cha kugusa hakikutengenezwa kwa ajili ya gari hata kidogo. Mwaka 1965 Mwingereza mmoja, E. A. Johnson, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada huko Malvern, aliandika maelezo ya kioo ambacho mtu angeweza kuiamrisha kompyuta kwa kukigusa kwa kidole. Alikuwa akiwafikiria waongozaji wa ndege. Hebu mfikirie mwongozaji huyo. Ameketi kitini, meza yake haitikisiki, na kazi aliyoajiriwa kuifanya ni kukitazama kioo hicho. Kwake yeye kutazama kioo ndiyo kazi yenyewe. Kwa dereva mambo ni kinyume kabisa, maana kila anapokitazama kioo ameiacha kazi yake. Shika jambo hilo, kwani ndilo lililowatesa wote waliofuata.

Wa kwanza kujaribu kwa dhati walikuwa Wajapani. Mwaka 1981 Honda walitoa chombo walichokiita Electro Gyrocator. Wakati ule setilaiti za kuongoza magari hazikuwa kazini kwa raia, hivyo chombo kile kilijitegemea. Ndani yake mlikuwa na kipimo cha gesi kilichohisi kila gari lilipokata kona, na kingine kilichohesabu mwendo wa magurudumu. Kompyuta ilijumlisha hivyo viwili ikajua gari limefika wapi. Na ramani je? Ramani ilikuwa karatasi angavu ya plastiki ambayo dereva aliichomeka kwa mkono mbele ya kioo, na alama ya mwanga ikasogea nyuma yake. Ukitoka nje ya ramani, unaegesha gari, unachomoa karatasi, unachomeka nyingine. Chombo kilikuwa kizito na cha bei, na hakikupata wanunuzi wengi. Lakini usicheke. Jamaa wale walionyesha kwamba gari linaweza kujijua liko wapi bila kumwuliza mtu.

Miaka minne baadaye, 1985, kampuni moja ya California ikaleta chombo kingine, na jina lake lina hadithi. Stan Honey alikuwa mhandisi na pia mwelekezi wa mashua za mashindano. Mwaka 1983 alielekeza mashua ya Nolan Bushnell, yule mwanzilishi wa kampuni ya michezo ya kompyuta ya Atari, katika mashindano ya kutoka Los Angeles mpaka Hawaii. Bushnell akatoa fedha, na Honey akaanzisha kampuni iliyoitwa Etak. Neno hilo ni la wanamaji wa visiwa vya Pasifiki. Katika elimu yao ya bahari, mtumbwi huhesabiwa kuwa umetulia mahali pamoja, na visiwa ndivyo vinavyosogea na kuupita.

Na ndivyo kioo cha Etak kilivyofanya. Alama ndogo ya pembetatu, ambayo ndiyo gari, ilikaa palepale huku ramani ikizunguka na kusogea chini yake. Barabara iliyokuwa mbele ya dereva ilikuwa mbele kwenye kioo vilevile, hivyo hakuhitaji kuigeuza ramani kichwani mwake. Ramani zilihifadhiwa kwenye kaseti, mfano wa zile za muziki, na mji mkubwa ulihitaji kaseti kadhaa. Kompyuta ilikaa kwenye buti, dira ikafungwa nyuma ya gari, na vipimo vikawekwa kwenye magurudumu. Bei ilikuwa kama dola 1,400 mpaka 1,600, kutegemea ukubwa wa kioo. Mimi napenda jambo moja hapo. Etak walimheshimu dereva. Kioo chao kilikuwa kidogo, chenye mistari michache ya kijani, na vitufe vya kubonyeza vilipangwa pembeni mwake. Ulitupa jicho mara moja ukaelewa, ukarudi barabarani.

Mwaka uliofuata ndipo kioo cha kugusa kilipoingia garini kwa kishindo. Kampuni ya General Motors ilitoa Buick Riviera ya mwaka 1986, na katikati ya dashibodi ilikuwa na kioo cha inchi 9, cha aina ile ya televisheni ya zamani yenye kisogo kirefu, kinachoandika kwa rangi ya kijani. Redio ilikuwa humo. Kiyoyozi humo. Hesabu za safari na mafuta humo. Hata uchunguzi wa hitilafu za gari ulikuwa humo. Vitufe vingi vya dashibodi vilikuwa vimeng'olewa vikamezwa na kioo kimoja.

Wasomaji, fikirieni dereva wa Riviera akiwa barabarani usiku. Anataka kupunguza baridi ya kiyoyozi. Katika gari la zamani angenyoosha mkono, kidole kingekutana na kitufe chake, akakizungusha bila kutazama, kama mpishi anavyolijua kopo la chumvi hata umeme ukikatika. Sasa afanyeje? Kwanza aite ukurasa wa kiyoyozi, halafu atafute alama inayotakiwa, halafu aiguse, halafu atazame tena kuhakikisha. Kioo ni laini kila mahali, na kidole hakiwezi kukisoma. Kazi iliyokuwa ya mkono imehamishiwa machoni.

Wanunuzi hawakufurahi. Mwaka 1985 ziliuzwa Riviera zaidi ya 65,000, na mwaka 1986 zikashuka mpaka kama 22,000. Tuwe wa haki, lawama haikuwa ya kioo peke yake, kwani gari lenyewe lilikuwa limepunguzwa umbo na watu waliona halina tena hadhi yake. Lakini kioo kililalamikiwa sana, na kufikia gari la mwaka 1990 kilikuwa kimeondolewa, vitufe vikarudishwa. Ungedhani funzo limepatikana.

Japani hawakuacha. Toyota walitoa Crown ya mwaka 1987 yenye ramani ya rangi iliyosomwa kutoka kwenye diski, na mwaka 1990 Mazda wakatoa Eunos Cosmo iliyoongozwa na setilaiti. Usiku wa tarehe 1 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyapotosha makusudi mawimbi ya setilaiti yanayotumiwa na raia. Tangu hapo hata chombo cha bei ndogo kikaweza kujua gari liko barabara gani.

Baada ya hapo wakaingia vijana watundu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, huko Marekani na Ulaya, watu wa kawaida walianza kufunga kompyuta nzima kwenye magari yao, gereji zikiwa ni uani kwa nyumba zao. Mwaka 2001 kampuni ya VIA ilitoa bodi ndogo ya kompyuta yenye sentimita 17 kila upande, na bodi hiyo ilitosha chini ya kiti au kwenye buti. Kioo cha kugusa cha inchi 7 kilichukua nafasi ya redio. Kwa nini inchi 7? Kwa sababu tundu la redio lina kipimo kilichokubaliwa na viwanda, sentimita 18 kwa 5, na magari mengi ya Kijapani huliongeza mara mbili likawa 18 kwa 10. Kioo cha inchi 7 hukaa hapo kama kimekatiwa.

Si kazi ndogo hiyo. Kompyuta ya mezani inapenda umeme uliotulia, na umeme wa gari una vituko. Betri husemwa ni ya volti 12, lakini injini ikiwaka hufika karibu 14, na pale stata inapozungusha injini huweza kushuka chini ya 9. Kompyuta ikizima hapo, inaanza upya kila unapowasha gari. Ikiachwa inawaka usiku kucha, asubuhi betri imekufa na unaomba watu wakusukume. Ndiyo maana mafundi wale walitumia kifaa maalumu cha umeme kilichosikiliza ufunguo: gari likiwashwa nacho kinawasha kompyuta, likizimwa kinasubiri kompyuta ifunge kazi zake, kisha kinakata kila kitu. Zaidi ya hapo kulikuwa na mtikisiko wa barabara ulioharibu diski, na jua la mchana lililokifanya kioo kisisomeke. Utundu huo ulipungua simu zilipopata nguvu. Apple walileta CarPlay mwaka 2014, Google wakaleta Android Auto mwaka 2015, na simu ya mfukoni ikawa ndiyo kompyuta ya gari.

Viwanda navyo vikasahau funzo la Riviera. Mwaka 2012 Tesla walitoa Model S yenye kioo cha inchi 17, na wengine wakafuata mbio. Kung'oa vitufe kunapunguza gharama, na kioo kikubwa kinapendeza dukani. Mwaka 2022 gazeti la magari la Uswidi, Vi Bilägare, likafanya jaribio. Madereva walipewa kazi nne ndogo ndogo, kama za redio na joto, wakienda kilomita 110 kwa saa. Katika Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe walimaliza kwa sekunde 10. Katika gari la kioo lililofanya vibaya kuliko yote, walihitaji karibu sekunde 45, na gari likawa limekwenda zaidi ya mita 1,300.

Hata baharini yametokea. Tarehe 21 Agosti 2017 manowari ya Marekani USS John S. McCain iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, na mabaharia 10 wakafa. Walinzi wa usukani walidhani wameshindwa kuiongoza meli, kumbe uongozi ulikuwa umehamishiwa meza nyingine kupitia vioo vya kugusa ambavyo hawakufundishwa vya kutosha. Mwaka 2019 jeshi lile la majini likasema litarudisha vishikio vya mkono vya kuongozea mwendo. Na taasisi ya Euro NCAP, inayopima usalama wa magari Ulaya, ilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2026 gari halitapata alama za juu kama honi, waipa na indiketa havina vitufe au vishikio vyake halisi.

Nawe utauliza, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani. Yanashuka bandarini na kioo chake kikisema Kijapani, kikidai diski ya ramani ya nchi ambayo gari halitaiona tena. Redio yenyewe ni ya Kijapani, ambako masafa ya FM huanzia 76, na nyingi za zamani hukomea 90, hivyo stesheni zetu nyingi hazishiki. Basi mwenye gari anakwenda Gerezani au Kariakoo, kule Nairobi anakwenda Kirinyaga Road, redio ya zamani inang'olewa na kioo cha kugusa kutoka China kinafungwa. Wanaofanya kazi hiyo ni vijana wenzetu, wengine hawakuiona hata sekondari, na waya za gari wanazijua kama viganja vyao. Hiyo ni elimu kamili na naiheshimu.

Ila nyuma ya vioo hivyo kuna waya mmoja mwembamba. Unatakiwa uungwe kwenye swichi ya breki ya mkono. Breki ikivutwa, waya unagusana na bodi ya gari, redio inajua kwamba gari limesimama, na video inaruhusiwa. Breki ikiachiwa, video inakatika. Huo ndio ulinzi uliobaki kwa macho ya dereva, na mara nyingi ndio waya wa kwanza kuchezewa. Mteja anasema anataka kuona picha akiwa anaendesha, fundi anaufunga moja kwa moja kwenye bodi, dakika moja kazi imekwisha. Kuanzia siku hiyo redio inaamini gari limeegeshwa daima, hata likiwa linakimbia kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari hupita mita 22 kila sekunde. Mwimbaji akikuvutia kwa sekunde 3 tu, umekwenda mita 66 bila kuona, na katika mita 66 mtoto wa shule anatosha kuvuka nusu ya barabara.

Honda, Etak na Riviera walikuwa wanajaribu jambo ambalo hakuna aliyelijua, na makosa yao tunaweza kuyasamehe. Sisi tunajua. Kwa hiyo, fundi kijana, mteja akikuomba uuchezee waya ule, mweleze kwanza kazi yake ni nini, halafu uunge pale unapostahili. Akienda kwa fundi mwingine, mwache aende.