Jina la Rhapta na Delta ya Rufiji

Katika ngano za Wayunani wa kale, visiwa vingi vilikuwa na majina ya wanawali wa kimungu. Aegina na Salamis walikuwa mabinti wa mungu wa mto Asopus, na kila mmoja aliachia kisiwa jina lake. Ni vigumu kukata shauri kama kisiwa kilipewa jina la binti, ama binti alitungwa ili jina la kisiwa lipate maelezo.

Katika pwani ya Azania maelezo ni ya namna nyingine. Kitabu cha Periplus, cha karne ya kwanza B.K., chasema kuwa Rhapta, bandari ya mwisho, iliitwa hivyo kwa ajili ya vyombo vyake vilivyoshonwa. Na hiyo ndiyo maana ya neno lenyewe kwa Kiyunani. Mtepe wa Waswahili nao ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Baadaye Ptolemy alitaja pia mto Rhaptos na rasi Rhapton.

Baadhi ya wataalamu wameitafuta Rhapta katika delta ya Rufiji. Mwaka 1999 Felix Chami aliandika juu ya shanga za Kirumi zilizofukuliwa Mkukutu, karibu na Kibiti. Shanga hizo ni ushahidi wa biashara, si wa jina. Maelezo ya Periplus yakikubaliwa, jina ni la wageni. Lile walilolitumia washonaji wenyewe halikuandikwa. Basi kulinganisha sauti za Rhapta na za majina ya vijiji vya leo hakuthibitishi neno. Lililo la wenyeji ni ufundi, si jina.